Mapafu ya Mkimbizi wa Mwandiga

Pastory Rusimbi alikuwa mtu wa kubishana, na ugonjwa ukamshika hapo hapo. Zamani aliweza kumchambua mwenyekiti wa kijiji, Meshack, kuanzia kufungua kikao hadi mengineyo bila kumeza mate. Mwaka huo wa 2016 pumzi ilianza kumwishia katikati ya neno, na Mwandiga nzima ikagundua dawa yake: ukitaka kumshinda Pastory, msubiri.

"Huu uwanja wa shule," alisema mkutanoni, "magoli yameng'olewa, mawe ya mpaka yamesogea. Mwenyekiti ali—" Akakaa, mkono kifuani.

"Ali nini, mzee wangu?" Meshack aliuliza kwa upole wa paka. "Hakuna? Haya, tuendelee."

Mkewe, Rozalia, alisema Mungu hatimaye amemjibu maombi ya miaka thelathini, mume amenyamaza. Lakini alipomwona akipumzika mara tatu kutoka kwenye michikichi hadi mlangoni, alijifunga kanga kiunoni kama anayekwenda vitani, akamsindikiza mpaka hospitali mjini Kigoma.

Daktari Veneranda hakuzunguka. "Damu iliganda zamani kwenye mapafu yako, mzee, ikaziba njia. Moyo unasukuma kama watu wanaosukuma gari kwenye tope, na upande wa kulia umeanza kuvimba. Upo upasuaji wa kuitoa hiyo damu, ila haumfai kila mtu. Kwanza upigwe picha ya CT, Mwanza. Ikiwa damu imekwama kwenye mishipa mikubwa, mkono wa mpasuaji unaifikia, unaamka unapumua. Ikiwa imejipenyeza kwenye vijishipa vidogo, atakufungua kifua bure, na huenda usiamke."

"Kwa hiyo hiyo picha inapiga ramli."

"Mpiga ramli habebi rula, mzee. Picha inapimwa."

Foleni ya raia ilikuwa mwezi wa tatu mwakani. Daktari aliitazama tena karatasi ya mapigo ya moyo wake, akasema kwa sauti ya chini, "Usingoje mwezi wa tatu." Kisha akataja, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba gari la shirika la wakimbizi lingeondoka Jumanne na wagonjwa wanne wa kambini, na lina viti vitano.

Nyumbani Pastory aliingiza mkono chini ya kitanda akatoa mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na karatasi ambazo mtu mwenye akili timamu angekwisha kuwashia moto. Moja ilikuwa kadi ya mkimbizi ya mwaka 1997, yenye picha yake akiwa na nywele.

Mwaka huo askari walipowasaka Warundi vijijini ili wawapeleke kambini, naye alikamatwa njiani, begani ana debe la mawese. Aliwatajia makaburi ya babu zake, yote saba. Wakamwuliza maji kwa Kiha huitwaje. Akasema amazi. "Warundi nao husema amazi," wakamwambia. "Panda gari." Miezi minne alikula mahindi ya kambi akiwaeleza Warundi halisi kwamba yeye si mwenzao, nao wakimwonea huruma, maana walidhani vita vimemharibu kichwa. Mwishowe alitoka kwa miguu yake. Wengine walisahau, yeye aliitunza kadi kama wengine wanavyotunza cheti cha ndoa.

"Na leo unakwenda kuwa mkimbizi kwa hiari yako," Rozalia alisema.

"Walinipa bure. Leo naitumia."

Karani wa shirika, Gervasi, alikuwa kijana wa Simbo, kijiji cha jirani, mwenye tai. Alipoiona kadi alicheka mpaka akavua miwani.

"Shikamoo, Mzee Pastory. Wewe mkimbizi wa wapi? Mama yangu ananunua mawese kwa Mama Rozalia tangu sijazaliwa."

"Marahaba. Mimi ni mkimbizi. Kadi hiyo."

"Babu yako kazikwa Mwandiga. Tunakujua."

"Mwaka ule hamkunijua," Pastory alisema, akakaa kwanza, akavuta pumzi. "Mwaka ule nilimtaja babu, nikapandishwa gari. Leo sijamtaja, mnamtaja nyie."

"Mzee, nafasi ni ya wakimbizi. Wewe ni raia."

"Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba umenikataa, na sababu. Sikataliwi kwa mdomo mimi."

Gervasi alishusha pumzi za mtu mwenye mapafu mazima, akaandika: Pastory Rusimbi amenyimwa nafasi kwa kuwa si mkimbizi, ni raia wa Tanzania, mzaliwa wa Mwandiga, na ofisi hii inamfahamu hivyo. Akatia sahihi, akagonga muhuri mara mbili ili mzee aridhike. Pastory aliisoma polepole, akaikunja, ikaingia kwenye mfuko wa nailoni.

"Sasa ingiza namba ya kadi kwenye kompyuta yako."

Gervasi aliiingiza. Kompyuta ikafikiri. Picha ya kijana mwenye nywele ikajitokeza, na pembeni: YUPO KAMBINI. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mkono uliomfuta. Mkuu wa ofisi, mgeni asiyemjua babu wa mtu, alichungulia juu ya bega la Gervasi, akasema aliyemo kwenye kompyuta anasafiri.

"Mzee," Gervasi alinong'ona, "ile barua basi nirudishie."

"Barua ipi?"

Mwanza walimlaza kwenye kitanda kinachoingia ndani ya pete kubwa. Walimchoma dawa mkononi, joto likamshuka mpaka kiunoni, akaamini kabisa kwamba amejikojolea mbele ya wageni. Sauti ikamwambia avute pumzi aizuie. Aliizuia. Pumzi hiyo hiyo aliyonyang'anywa kila mkutano, hapo aliibana kwa meno, na alipofumbua macho kila kitu kilikuwa kikavu.

Wiki mbili baadaye Daktari Veneranda aliwaonyesha picha yeye na Rozalia. "Damu imekwama hapa na hapa, kwenye matawi makubwa. Vijishipa vya mwisho viko wazi. Moyo wa kulia umevimba, lakini nimeupima nikaulinganisha na wa kushoto, haujapita kiasi. Wenye picha kama hii wengi huamka. Sisemi wote."

Rozalia alifunika uso kwa kanga.

"Tatizo ni moja," daktari aliendelea. "Upasuaji huo hufanyika India, na safari ya huko kwa wakimbizi imefungwa mwaka huu. Kwa raia imebaki nafasi moja, na leo ndiyo mwisho wa kupeleka majina. Faili lako linasema mkimbizi. Nikiandika raia bila ushahidi, watalirudisha."

Pastory alifungua mdomo. "Miaka kumi na tisa nawaambia kwamba mimi—" Pumzi ikakata.

Daktari hakugeuka kwenye kompyuta, wala hakusema tuendelee. Aliweka kalamu chini akangoja. Ilichukua muda.

"—ni wa hapa," Pastory alimaliza. Kisha akafungua mfuko wa nailoni, akaweka mezani barua ya Gervasi. Nusu ya maisha alikuwa ameiomba karatasi hiyo kwenye madirisha ya ofisi, na ilipokuja, ilikuja kama kufukuzwa.

Daktari aliisoma, akauma mdomo asicheke. "Mihuri miwili," alisema, akaibandika kwenye faili.

Jioni hiyo mwenyekiti Meshack alifika kumjulia hali, na kuku mkononi. "Tumesikia picha imetoka. Inasemaje?"

"Inasema nitarudi na pumzi," Pastory alisema.

Meshack aliketi. "Na hizo picha, huwa hazikosei?"

"Mara chache. Zinapimwa kwa rula."

Mwenyekiti alitafuna habari hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyotafuna mhogo aliopewa. Siku ya safari ya India, gari lilipopita mbele ya shule, Rozalia alimgusa mumewe bega. Magoli yalikuwa yamerudi uwanjani, miti mibichi, udongo wa mashimo haujakauka, na watu wawili walikuwa wakiyavingirisha mawe ya mpaka kuyarudisha mahali pake.

"Basi ile sentensi huna haja ya kuimalizia," Rozalia alisema.

"Nitaimaliza," Pastory alisema, akapumzika. "Bado hajarudisha shamba la kanisa."