Kina Wahu Wote

Cucu Wahu, bibi yao, alipofariki, ukoo ulimkabidhi Wangeci kazi ya kijitabu cha mazishi kwa sababu yeye ndiye "wa kompyuta". Hakuwa amesomea kompyuta popote. Baada ya kidato cha nne alijifunza kuandika skripti kwa kufuata kurasa za mtandaoni, ambako watu wasiojuana huonyeshana mistari michache inayomaliza kazi ya kutwa nzima.

Kabla picha za wajukuu hazijaanza kutumwa, shangazi yake, Tata Cate, alimfuata chumbani kwake Kangemi. Alimkumbusha mazishi ya guka, babu yao, ambapo watoto wa mabinti waliachwa nje ya kijitabu, ati nafasi ilikuwa imeisha.

"Sitaki kulia mara mbili kaburini," alisema. "Binti yangu Wahu naye aonekane."

Wangeci akaahidi.

Picha zikamiminika, kila mjukuu akiwa na cucu, jina lake na la mzazi wake yakiwa yameandikwa chini. Asubuhi ya kupeleka kijitabu kuchapishwa, Wangeci alipata mtandaoni skripti ya kusoma maandishi hayo na kulipa kila faili la picha jina la mwenyewe. Akaiendesha. Ilimaliza kazi chai yake ikiwa bado moto, lakini picha zilikuwa zimepungua.

Kwao kila mtoto wa cucu alikuwa na binti aliyeitwa Wahu, kwa desturi ya kumpa mjukuu jina la bibi. Skripti ilisoma jina la kwanza tu. Ilipomkuta Wahu wa pili ilimweka juu ya wa kwanza na kumfuta, wa tatu juu ya wa pili, hadi akabaki mmoja: binti wa Anko Mungai.

Mungai alipochungulia, alicheka akashika fremu ya mlango.

"Kumbe cucu alikuwa na mjukuu mmoja, na ni wangu. Wacha hivyo hivyo, Wangeci. Tumeokoa karatasi."

Picha zenyewe zilikuwa bado simuni, ila kuzipanga upya kwa mkono kungemfikisha kesho, na mchapishaji wa River Road alikuwa akifunga jioni. Wangeci aliibandika skripti kwenye ukurasa wa mtandaoni alikoipata, akaeleza yaliyompata. Wa kwanza kujibu, mtu wa ng'ambo, alimshauri aiombe familia iache kurudia majina. Akacheka, mara ya kwanza tangu cucu alazwe hospitalini. Kisha akajibu mwanamke wa Loresho aitwaye Bhoomi.

"Usimwite mtoto peke yake, mwite na mzazi wake, kama mnavyoitana nyumbani. Na skripti ikikuta jina tayari lipo, isifute. Isimame ikuulize."

Wangeci aliongeza mistari hiyo, akakosea, Bhoomi akamsahihisha, akaiendesha tena. Wakaanza kutokea mmoja mmoja: Wahu wa Muigai, Wahu wa Mungai, Wahu wa Cate. Alipotoka River Road, kazi ikiwa kwenye mashine, alirudisha skripti ile ukurasani ikiwa imetengenezwa. Kufikia asubuhi, mtu aitwaye Mwololo alikuwa ameandika kwamba imempatia yeye pia picha za kina Nzula wote wa kwao.

Siku ya mazishi, kule Dagoretti, Tata Cate alifungua kijitabu kabla hajakaa. Akapekua polepole, akafika kwenye picha ya bintiye, akauweka mkono juu ya ukurasa ule na hakuutoa.

Mchungaji alisoma kwenye ratiba kwamba shada la maua litawekwa na mjukuu Wahu. Akaita jina hilo mara moja, kama anavyoitwa mtu mmoja.

Wasichana saba wakasimama, na Wahu wa Cate akatangulia.