Gunia Juu ya Injini

Kule Kibena wanasema Mzee Anania aliuawa na gunia lake mwenyewe. Walisema hivyo msibani, wakasema hivyo kanisani, na mwanawe Ebeneza anasema hivyo mpaka leo. Mimi Luqmani, fundi ekzosi wa Makambako, nilikuwepo msibani. Nikakaa kwenye benchi lao, nikala wali wao, nikanyamaza. Sasa kunyamaza kumenichosha.

Kwanza mnijue. Gereji yangu iko Makambako, nyuma ya maegesho ya malori. Marehemu baba alihamia hapa kutoka Kondoa akiwa na spana zake kwenye kikapu, na mimi nimezaliwa nikakuta chuma kinachomelewa. Mafundi wamejaa mji huu, wengine hata nati hawajui kukaza, lakini ukitaja bomba la moshi utaletwa kwangu. Getini nimeandika kwa rangi nyekundu: KAZI NUSU HAPANA. Nilikuwa najivunia maneno hayo kupita kiasi. Mteja akiuliza kama gari lake liko tayari, mimi nilionyesha geti kwa kidole, basi.

Ebeneza alinijia mwezi wa sita, wiki ile ya baridi ambayo ukiamka Njombe unakuta sakitu imelala juu ya majani, nyeupe. Ni kijana wa makamo, mnunuzi wa parachichi, mcheshi, anapenda kuonekana. Gari lake lilikuwa la bluu, la turbo, siyo jipya lakini limetunzwa vizuri.

"Fundi, gari yangu inabanwa," akaniambia. "Mlima kidogo tu inahema. Nataka bomba la inchi tatu, na mlio. Watu wajue napita."

Nikamweleza taratibu. Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, inataka moshi utoke haraka, kwa hiyo bomba likiwa pana gari linapata nguvu. Tena kuna lile kopo lenye vitundu ndani, sisi tunaliita masega, ambalo kazi yake ni kusafisha moshi. Nalo linabana. Ukiliondoa gari linaruka, lakini moshi unakuwa mchafu na joto linazidi. "Joto ndilo la kuogopa," nilimwambia kwa mdomo wangu huu huu. "Turbo ikishapanda mlima, chuma chake kinaiva mpaka kinakuwa chekundu. Usijali, nitakutengenezea na kinga yake."

Shida ikawa ukaguzi. Wiki hiyo askari walikuwa wanakagua magari Makambako, na safari hii walikuja na mashine ya kupima moshi. Gari lisilo na masega lisingepita. Ebeneza akafikiri kidogo, akatabasamu.

"Si rahisi? Tukapimwe kwanza na bomba la zamani. Wakishanibandikia stika, unanifungia jipya."

Nikacheka, nikampiga bega. Wazo halikuwa langu, lakini nililipenda kama langu. Siku tatu nikakata, nikakunja na kuchomelea bomba jipya, huku gari limesimama na bomba lake la zamani. Alhamisi asubuhi tukaenda kukaguliwa.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, mpole, koti limefungwa mpaka kidevuni. Akaingiza mrija wa mashine yake kwenye bomba, akasoma namba, akatikisa kichwa kuridhika. Akataka kuona mtungi wa kuzimia moto. Ebeneza akafungua buti, na juu ya mtungi kulikuwa na kitu kimekunjwa. Mkaguzi akakitoa. Lilikuwa gunia la katani, limeshonewa blanketi kuukuu kwa ndani kwa uzi wa viatu, na kila pembe ina kitanzi. Mtu alikuwa ametumia muda kulishona.

"Hili la nini?" mkaguzi akauliza.

"La baba yangu hilo," Ebeneza akasema, anacheka. "Nikirudi jioni analifunika juu ya injini ingali ya moto, joto lisitoke. Asubuhi ukiwasha inaitika mara moja. Alikuwa dereva wa lori la misheni miaka ishirini na saba kwenye baridi ya Njombe, na anasema hajawahi kusukuma gari asubuhi hata siku moja. Sasa amestaafu, lori hana, amehamia kwenye gari yangu."

Mimi pia nilicheka. Mkaguzi hakucheka. Aliligeuza gunia, na upande wa blanketi tukaona doa la kahawia, ukubwa wa kiganja. Akafungua boneti, akalitandaza gunia juu ya injini kama mzee anavyofanya, akainua pembe moja kutazama. Doa lilikuwa juu ya turbo kabisa. Katikati ya turbo na gunia kulikuwa na bati lililokuja na gari kutoka kiwandani, limepinda kufuata umbo la chuma. Akaligonga kwa kalamu.

"Shukuruni hili bati," akasema. "Bila hili mngeshaungua ndani ya nyumba."

Akafunga boneti, akabandika stika kwenye kioo, akatutakia safari njema. Nilisimama pale nikayasikia maneno yote. Sina kisingizio cha kwamba sikujua.

Mchana nikaingia chini ya gari. Bomba la zamani likatoka na masega yake, jipya likaingia. Nilipofika kwenye lile bati, halikukaa. Bomba langu lilikuwa pana mno, bati likawa linagusa na kucheza. Nikalitoa. Bati la kukatia lingine lilikuwa limebaki kipande kisichotosha, na kile kitambaa cha kuzungushia bomba ili joto lisitoke kilikuwa bado kiko kwenye basi kutoka Dar. Kazi ilihitaji siku moja zaidi. Siku moja tu.

Ebeneza alikuwa anazunguka gereji, mikono mifukoni, anatazama jua. Alitaka kufika kwao kabla ya giza. Kibena siyo mbali, iko kabla hujaingia Njombe mjini, lakini barabara inapanda na ukungu unashuka mapema.

"Iko tayari, fundi?"

Nilikuwa nimeshika bati mkononi. Nikatazama geti na herufi zangu nyekundu. Wateja wawili wengine walikuwa wamekaa kwenye benchi wananisikiliza.

"Iko tayari," nikasema, na bati nikalisukuma chini ya meza ya kazi kwa mguu.

Akawasha. Wallahi ule mlio ulikuwa mzuri, mzito, unausikia kifuani. Wale wawili wakasimama. Ebeneza akaondoka, na tuliendelea kumsikia mpaka alipoiacha mizani ya malori. Nikaingiwa na furaha, lakini haikudumu.

Nilijaribu kulisahau lile bati. Nikafagia. Nikanywa chai. Nikajiambia mzee wa watu amefunika injini miaka yote hiyo na hakuna kilichotokea, na kesho Ebeneza nitamwita nimfungie kinga. Nikaona sauti ya kalamu ikigonga bati haitoki kichwani. Saa kumi na moja na nusu nikampigia. Hakupokea. Nikampigia tena mara nne. Nikaelewa: kwa mlio ule wa bomba langu asingesikia simu hata ikilia mfukoni. Nilikuwa nimemziba masikio mwenyewe.

Wakati wa magharibi nilikuwa natawadha, simu ikaita. Ni Ebeneza.

"Fundi! Nimefika sasa hivi!" Alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake watu wanacheka. "Sikusikia simu zako. Gari inaruka, fundi! Mlima wote nimeupanda gia ya nne. Jirani zangu wametoka nje kuangalia. Nimekuweka spika, ongea nao, kuna wawili wanataka kufungiwa kama hii."

"Waje," nikasema. "Karibuni sana."

"Mnasikia? Na mtapanga foleni, ndiye yule wa kazi nusu hapana."

Wakacheka. Nyuma ya vicheko nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote duniani, komeo la boneti likifunguka. Kisha sauti ya mzee, pole, inasema kitu kwa lugha yao ya Kibena. Hulda, mke wa Ebeneza, akamjibu kwa Kiswahili, "Baba, kula kwanza." Mzee akasema atakula akishamfunika mgonjwa wake.

"Ebeneza," nikasema, "mwambie mzee..."

"Nimwambie nini?"

Spika ilikuwa wazi. Watu wa Kibena wote walikuwa wananisubiri, wateja wangu wa kesho. Ningesema nini? Kwamba nimetoa bati? Kwamba nimemwambia liko tayari na haliko tayari?

"Msalimie," nikasema.

"Baba, fundi anakusalimu!"

"Kamwene," mzee akaitikia kutoka mbali, na simu ikakatika.

Niliandika ujumbe. Mwambie mzee asifunike leo. Nikaufuta, nikaona utazua maswali. Nikaandika mwingine mrefu, wenye maelezo ya kitaalamu ili nisionekane mzembe. Nilipomaliza kuupamba na kuutuma ilikuwa imepita karibu nusu saa. Haukujibiwa. Nikaswali, lakini nilichosema kwenye swala ile sikijui.

Asubuhi simu ya Hulda ikaniita kabla sijafungua geti. Alilia kwanza, kisha akanieleza. Mzee alifunika injini akaingia kula. Banda la gari ni la mbao, limeshikana na chumba chake cha kulala. Katikati ya chakula akasema ananusa nguo inaungua. Wakadhani ni kaptula ya mtoto imeangukia jiko la mkaa. Yeye akainuka akatoka peke yake, akaona moshi unapenya pembeni mwa boneti, akaifungua. Hewa ikaingia, moto ukaruka. Angeweza kukimbia. Hakukimbia. Alilishika gunia kwa mikono yake miwili akawa analivuta, anaita kwamba gari ya mwanawe inaungua. Ebeneza ndiye aliyemtoa. Banda liliteketea, na chumba cha mzee, na gari. Simu ya Ebeneza, aliyokuwa ameiacha garini, nayo iliungulia humo ndani, pamoja na ujumbe wangu mzuri.

Nikachukua lile bati chini ya meza nikalitia kwenye mfuko. Nilikuwa nimeamua kusema. Njia nzima mpaka hospitali nilikuwa nayapanga maneno, nikayapanga vizuri, na bati liko magotini kama ushahidi.

Ebeneza nilimkuta amesimama kando ya kitanda, nyusi zimeungua, macho mekundu. Aliponiona akanikumbatia. Kisha hasira zikamtoka zote kwa mpigo.

"Miaka yote namwambia aache magunia yake! Miaka yote! Hasikii. Mkaguzi mwenyewe alisema, ulikuwepo, fundi. Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," nikasema.

Alikuwa anasubiri niendelee. Lakini ninamjua mtu aliyebakiza kitu kimoja tu cha kushika, na yeye alikuwa ameshika lile gunia. Na mimi nilikuwa na geti langu. Nisiwadanganye kwamba ilikuwa huruma. Niliogopa.

Mzee Anania alikuwa amefungwa bendeji mikono yote mpaka juu ya viwiko. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, ndevu fupi nyeupe, na moshi ulikuwa umemla sauti, ikabidi niiname. Wauguzi walikuwa wamekwisha kumwambia Hulda kwamba mikono siyo tatizo, tatizo ni mapafu. Siku ya tatu akafariki. Lakini asubuhi ile alikuwa na akili zake zote, akanitazama kwa makini kama dereva anavyomtazama fundi.

"Kamwene, mzee," nikasema.

"Kamwene, mwanangu. Umetoka mbali na baridi hii."

"Siyo mbali, mzee. Pole sana."

Akapumzika kupata pumzi. "Wewe ni fundi. Niambie ukweli, hawa wananificha. Ni gunia?"

Mfuko ulikuwa mikononi mwangu. Niliuhisi ukingo wa bati ukinikata kidole kupitia kitambaa, na mzee ananisubiri, na Ebeneza ananisubiri. Neno moja lingetosha. Angekufa akijua kwamba miaka yake ishirini na saba haikuwa na kosa, kwamba alifanya alivyofanya siku zote na mtu mwingine ndiye aliyeondoa kilichomlinda.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Ni gunia."

Akafumba macho. Chozi moja likashuka kuelekea sikioni, na hakuwa na mkono wa kulifuta. Hulda akamfuta.

"Nilijua," akasema. "Mtoto ananiambia ulimfanyia kazi nzuri, kazi kamili. Nami nimeiharibu siku ile ile." Akageuza uso wake kwangu. "Unisamehe, fundi."

Nikamwambia, "Nimekusamehe, mzee."