Wageni wa Jiwe

Niseme mapema ili mtu asije kunilaumu: jiwe letu ni jiwe tu. Limekaa nyuma ya zizi, upande wa ziwani, kubwa kiasi cha kuanikia dagaa, na ukiligonga kwa jiwe dogo pale lilipobonyea linalia kama kengele ya shule. Basi. Tulipokuwa watoto hapa Bukima tuliligonga kuwaita wachunga ng'ombe waje kunywa uji, na hakuna aliyewahi kulipiga picha. Mkoa wetu wa Mara umejaa mawe. Ukitaka jiwe, simama popote uangalie.

Aliyeligeuza kivutio ni kaka yangu Paschal. Yeye anaishi Nyakato, Musoma mjini, ana gari la kutembeza watalii. Anawapeleka Butiama kwenye makumbusho, anawalaza Bunda, kwenye gesti moja mtaa wa Kabasa, na asubuhi wanaingia mbugani. Akaona katikati hapo kuna nafasi ya kuchomeka kitu. Akatangaza kwenye simu yake: Jiwe Linaloimba la Bukima, pamoja na chakula cha nyumbani. Sijui nani alimwambia linaimba.

Tatizo ni kwamba baba yetu, mzee Masatu, hana habari na mtalii. Anamjua mgeni. Kwake mtu aliyetoka mbali akaingia kwenye mji wake ni mgeni, na mgeni ana taratibu zake. Haonyeshwi kitu akiwa na njaa. Kuku wake hachinjwi kabla hajafika. Analetwa akiwa hai, mgeni amwone, akubali kwamba huyu ni wake, ndipo kisu kinatafutwa. Kumchinja mapema, Baba anasema, ni kumlisha mgeni kiporo. Halafu kuna firigisi. Nyumbani kwetu firigisi ni ya Baba, haina mjadala. Sisi watoto tumekua tukiiona inapita tu, na Paschal, mtoto wa kwanza, alikuwa akiifuata kwa macho mpaka Mama, Mungu amrehemu, anamfinya. Siku pekee Baba anaiacha ni siku ya mgeni. Inawekwa juu kabisa ya sahani yake, aione.

Wazungu wawili walikuja mwezi wa tatu, mtu na mkewe, wamevaa kofia za kufungwa kidevuni. Baba alikuwa amevaa koti lake la Krismasi, jeusi, zito, na jua la mchana lilikuwa halina utani. Akawakalisha kwenye viti vya sebuleni tulivyovitoa nje. Akawaletea jogoo. Yule mama akasogeza miguu.

"Mwambie jogoo ni yake," Baba akamwambia Paschal.

Paschal akatafsiri. Wakacheka kidogo, wakaangaliana. Mimi nikamchukua jogoo nikaenda jikoni, na anayejua jogoo wa kienyeji anajua kwamba haivi kwa haraka hata ukimwombea. Huko nje Baba aliendelea kuwauliza hali. Mama zenu wazima? Kwenu mvua imenyesha? Mna ng'ombe wangapi? Nilikuwa nachungulia mlangoni. Yule mama alikuwa akitazama saa yake, na mumewe alikuwa akiwafukuza nzi, na Baba jasho linamtiririka shingoni anatabasamu tu, kwa sababu aliona mazungumzo yamenoga.

Chakula kilipofika, yule bwana aliitazama firigisi, akaisukuma pembeni ya sahani kwa kidole. Ilirudi jikoni vilevile. Sikumwambia Baba. Nilimpa paka.

Wakapelekwa kwenye jiwe, Baba akaligonga, likalia. Wakati wa kuondoka akawaletea tetea mwekundu, miguu imefungwa kamba ya katani, akampitisha kwenye dirisha la gari. Yule mama alipiga ukelele. Kisha akatoa simu akampiga Baba picha.

Jioni ile ile Paschal alimwacha yule tetea kwa mpishi wa gesti kule Kabasa. Lakini Baba aliendelea kumuuliza kila walipopigiana simu. "Yule kuku alifikaga salama? Ameanza kutaga?" Na Paschal anajibu, "Alifika, Baba. Wanashukuru."

Majuma machache baadaye nilikwenda Musoma kuuza sato waliokaushwa, nikapita Nyakato kwa Paschal. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, hajanyoa. Akanipa simu.

"Soma."

"Kizungu hicho, nisome nini? Nisomee wewe."

Akanisomea, anatafsiri kwa kigugumizi. Yule mama alikuwa ameandika kuhusu sehemu za ukanda wa ziwa ambazo msafiri asijisumbue kufika. Ya kwanza kabisa ni sisi. Aliandika kwamba ni jiwe, jiwe la kawaida, na kabla ya kulifikia unakalishwa juani nusu siku huku mzee mmoja anakuhoji kama mama yako yuko hai. Kwamba chakula kinacheleweshwa makusudi ili uone aibu kuondoka. Kwamba mwishoni wanakutupia kuku ndani ya gari. Pitiliza, aliandika, nenda moja kwa moja mbugani.

Chini yake kulikuwa na picha. Baba na koti lake, mdomo wazi, jicho moja limefumba, kuku anapiga mabawa mbele ya uso wake. Na chini ya picha watu walikuwa wanachekeana. Mmoja, Mtanzania mwenzetu huyu, aliandika kwa Kiswahili kwamba haijulikani hapo nani anamuuza nani, mzee au kuku.

Nilicheka.

Nimeshajaribu kujieleza kwamba kilikuwa kicheko cha mshtuko, lakini najijua. Nilicheka kweli, kwa sauti, mpaka Paschal naye akacheka, tukamcheka baba yetu pale kwenye ngazi. Halafu nikaona kola ya lile koti, ile niliyoishona mimi kwa uzi wa kijani kwa sababu mweusi uliisha, nikamrudishia simu yake.

"Wateja wangu wote wamekanseli Bukima," Paschal akasema. "Wanasema Butiama sawa, Bunda sawa, ila kule kwa mzee hapana."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambiaje, Nyangi? Kwamba wageni wamemtukania chakula? Si atakufa?"

Ndipo akaja na uongo wa barabara. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na kabla ya kufika kwetu kuna bonde ambapo maji hukata njia miaka ya mvua kubwa. Alimpigia Baba mbele yangu, akaweka sauti kubwa. Alisema wageni wako wengi, wanamtaka sana, lakini gari halipiti pale bondeni. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nikiitikia kwa kichwa kumpa moyo. Nikiwa mkweli, niliona tumetumia akili.

"Kumbe ni barabara," Baba akasema. "Na mimi nilikuwa nawaza labda tuliwakosea."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alisimama kanisani wakati wa matangazo. Akasema wageni wanazuiwa na bonde, na wageni wakizuiwa si aibu ya Masatu peke yake, ni ya kijiji. Kesho yake watu walitoka na majembe. Mzee Mugeta alileta mkokoteni wake na ng'ombe wawili. Vijana walivunja mawe kule mlimani, wanawake tukayasomba kwa beseni kichwani. Tulifanya hivyo juma zima, mvua ikinyesha na ikikatika, na hakuna aliyeuliza atapata nini.

Jirani yetu Gaudensia, mama mtu mzima ambaye magoti yake yanamsumbua, alikuwa akibeba mawe madogo madogo, anapumzika, anabeba tena.

"Nyangi," aliniambia siku moja, "wageni wakija na sisi tutakuja kuwaona, au watakuwa ni wa kwenu tu?"

Nilijitia kurekebisha kata yangu kichwani. "Ni wa wote, mama."

"Maana mimi sijawahi kusalimiana na Mzungu. Nimesikia mikono yao ni laini."

Nikabeba beseni langu nikaenda. Hapo ningeweza kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na akili timamu, na nilikwenda kumwaga mawe kwenye shimo ambalo halikumzuia mtu yeyote.

Njia ilipokamilika, Baba mwenyewe alimpigia Paschal. "Leta wageni Jumamosi. Hata basi linapita." Paschal akanitumia ujumbe kwamba atakuja peke yake, aseme wageni wameugua malaria. Nikamjibu sawa. Sawa! Neno hilo ninalo mpaka leo kwenye simu yangu.

Jumamosi watoto walijipanga pande zote za lile bonde. Gari la Paschal lilipotokea walipiga vigelegele wakalikimbilia, na lilipita juu ya mawe yetu taratibu, vizuri, kama kwenye lami. Baba alisimama mlangoni na koti lake. Safari hii jogoo alikuwa ameshikwa na Gaudensia, aliyeomba mwenyewe apewe kazi hiyo, amevaa kitenge kipya.

Paschal akashuka. Baba akachungulia nyuma yake, akachungulia ndani ya gari.

"Wako wapi?"

"Wameugua, Baba. Malaria."

"Wote?"

Paschal akanitazama mimi. Baba naye akanitazama. Ni mtu aliyefuga wanyama na watoto maisha yake yote, anajua kitu kinapokuwa kimejificha. "Nyangi," akasema, "wewe hujawahigi kushindwa kusema. Sema."

"Mwonyeshe picha," nikamwambia Paschal.

Baba aliishika ile simu kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda mrefu. "Hapa nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unamwambia amsalimie mama yake," Paschal akajibu.

"Na yeye ameandika nini?"

Paschal akamsomea. Aliruka yale ya kuuza, lakini ya kukaa juani aliyasoma, na ya chakula kuchelewa. Nilimsubiri Baba akasirike. Niliomba akasirike. Ningemshukuru kama angeokota fimbo.

"Kumbe walishinda na njaa," akasema. "Kwenye mji wangu." Akakaa kwenye kiti cha wageni. "Mngeniambia, wanangu. Ningechinja mapema."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Kisha akainuka, akajifunga vifungo vya koti, akatoka kwa wale watu waliokuwa wamejaa uani wakisubiri kuona wageni. Akavua kofia. Akawaambia wageni hawaji, kosa ni lake, aliwakalisha na njaa wakaondoka wanamsema vibaya. Akawaomba msamaha kwa mawe waliyobeba.

Gaudensia alikuwa bado amemkumbatia jogoo. "Lakini barabara si imepona?" akauliza.

Hapo sikuweza tena. "Barabara haikuwa na shida," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Gari lilikuwa linapita. Mimi na Paschal tulidanganya. Tuliiona hiyo picha tukacheka, halafu tukawaacha mbebe mawe."

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee Mugeta alitema mate pembeni. Wengine waliangalia mikono yao. Mikono ya Gaudensia ilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, niliyaona pale alipomgeuza jogoo, na sikuwa na pa kutazama.

Baba hakututazama sisi. Akamwambia Gaudensia, "Mama, huyo jogoo umemwona? Ni wako na wenzako. Kaeni, mtakula." Akaniagiza nichinje na mwingine, nisonge ugali wa kutosha watu wote. Nilipika nikilia, na moshi haukuwa sababu.

Watu walikaa wakala, kwa sababu Baba aliwakaribisha na hakuna anayemkatalia. Nilipakua mwenyewe. Firigisi ya kwanza Baba alimpelekea Gaudensia kwa mkono wake. Ya pili niliiweka kwenye sahani ya Baba, kama siku zote. Aliiangalia. Akainyanyua kwa vidole, akavuka ua mpaka pale Paschal alipokaa peke yake kwenye kiti cha sebuleni, akaiweka juu kabisa ya ugali wake, aione.

"Karibu, mgeni," akamwambia.

Baba akageuka kwangu, uso umetulia, sauti ya upole ileile ya kuwauliza Wazungu kama mama zao wazima.

"Nyangi, mgeni hajanawa. Mletee maji."

Nikachukua jagi na beseni. Nikapiga goti mbele ya kaka yangu, nikammwagia maji. Maji yakawa yanamwagika chini, na watu wote wa Bukima walikuwa wanatuangalia.