Jina Langu Linapiga Hodi

Usiku wa jana, baba akiwa ameniita "nesi" kwa mwezi wa pili mfululizo, niliota nimeingia kichwani mwake kutafuta lilikokwama jina langu. Nilipitia sikio la kushoto. La kulia lina nta.

Ubongo wake ni korido ya hospitali. Nageuka kidogo, ni mtaa wetu wa Ngamiani, ila kila nyumba ni seli ya ubongo. Sishangai. Ndotoni mtu hashangai, anauliza njia tu.

Nje ya seli moja amesimama ishara, mmoja wa wale wanaopeleka habari kutoka seli hii hadi ile. Kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Mkononi ana sahani, na juu ya sahani, chini ya kawa, kuna jina langu: Mwanakheri.

"Hodi," anasema. Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi!" Kisha anageuka.

"Unakwenda wapi?"

"Narudi, dada. Hodi tatu hazikuitikiwa. Mimi nina adabu zangu."

"Na jana?"

"Jana pia nilikuwa na adabu."

Hongera zake. Baba anapotea kidogo kidogo, na wajumbe wake wanalinda heshima.

Nachungulia dirishani. Ndani kalala mitokondria, kajikunja kama harage, anafuka moshi.

"Wewe ndiye unayetoa nguvu humu?"

"Ndiye."

"Mbona huitikii hodi?"

"Kuitikia kunataka nguvu."

"Waliochakaa si huwa wanaondolewa?"

"Huondolewa na watu wa usafi."

"Wako wapi?"

"Wanasubiri nguvu kutoka kwangu." Anakohoa. "Ni mpango mzuri sana. Haujawahi kulalamikiwa."

Hasira zikanipanda. Na hofu pia, sifichi: niliogopa baba atakufa hanijui. Nikampokonya ishara sahani, nikaupiga mlango teke, nikaingia bila kukaribishwa. Ishara akaziba uso kwa aibu. Nikalitua jina langu katikati ya sebule na kufunua kawa.

Mitokondria akafumbua jicho moja. "Huyu kalelewa na nani?"

"Na mwenye nyumba," nikamjibu.

Nikaamka, kumekucha. Nikaenda chumbani kwa baba kumfungulia dirisha. Alikuwa ameketi kitandani, ananitazama kwa ile hasira yake ya zamani, ambayo sikujua kama nimeikumbuka kiasi hiki.

"Mwanakheri," akasema, "nani kakufundisha kuingia nyumba za watu kwa teke?"

Nikamwomba radhi huku nalia.