Nyusi ya Heraldo

Nyusi ya kushoto ya marehemu Heraldo ilipanda taratibu, ikapita paji la uso, ikazama kwenye nywele, kisha ikatokea juu ya kofia na kubaki ikielea hewani. Ukumbi wa Klabu ya Los Ceibos ukaangua kicheko. Brisa, aliyemchora babu yake huyo miezi kwa miezi ndani ya kompyuta, alitamani sakafu ipasuke immeze.

Ilikuwa Jumamosi ya michezo mifupi mjini Rosario. Vijana wanaounda michezo ya kompyuta isiyouzwa dukani wala isiyo na mabingwa huazima klabu ya mtaa na kupanga mashine zao juu ya meza zilezile ambazo siku nyingine wazee huchezea karata. Mwaka huu kulikuwa na mchezo wa doa la mvinyo linalokimbia kufuliwa, na mwingine ambamo wewe ni lifti, kazi yako kusikiliza abiria wakigombana. Unacheza dakika tano, unamwachia mwenzako kiti.

Mchezo wa Brisa ulikuwa wa truko, ule wa karata unaochezwa wawili dhidi ya wawili, ila karata huzioni hata moja. Unaona uso tu wa mwenzako ng'ambo ya meza, akikupa ishara kimyakimya, nawe uamue: upaze sauti "Truko!" kupandisha dau ili wapinzani watishike na kutupa karata zao, au ufyate mdomo. Ishara zenyewe watoto wa Rosario huzijua kabla ya kusoma. Mdomo ukipindishwa, ni saba. Nyusi zote mbili zikipanda, ni ree ya upanga, karata inayozila nyingine zote.

Hakuwatengenezea hawa waliokuwa wakicheka. Alimtengenezea bibi yake, Nona Delmira, aliyekaa mkabala na Heraldo mezani maisha yao yote ya ndoa, na ambaye tangu mazishi hajagusa karata wala hataki mzee atajwe. Wenzake wa karata za Alhamisi walimbembeleza hata wakachoka. Brisa alitaka bibi auone tena ule uso, labda moyo ungelainika. Sasa uso umegeuka kichekesho, na Nona huyo mlangoni, na sinia lake la empanada, zile sambusa za kuoka.

"Uzime, Ulises! Haraka!"

"Nizime nini, dada?" alisema Ulises, mwenzake aliyeandaa shughuli ile. "Foleni imefika chooni!"

"Bibi yangu anaingia!"

Walikuwa wamechelewa. Nona aliweka sinia mezani, akavaa miwani, akainama. Vicheko vikafa kimoja kimoja. Akamwondoa kijana aliyekuwa kitini kwa kumgusa bega tu, akaketi.

"Nona, nisamehe. Ni kasoro. Nyusi zilitakiwa zipande zote mbili, moja imegoma, nyingine imevuka mpaka…"

"Nyamaza wewe. Nacheza."

Heraldo wa kwenye kioo alipindisha mdomo. Akakonyeza. Kisha nyusi ya kushoto ikaanza safari yake, na mabega ya Nona yakaanza kutikisika. Brisa akajua amemliza bibi yake mbele za watu.

"Truko!" Nona alipiga meza, empanada zikaruka.

"Inabidi ubonyeze kitufe, Nona."

"Bonyeza wewe, mimi nina kazi."

Brisa akabonyeza. Wapinzani wa kwenye kioo wakatupa karata zao na kutimua mbio, na Nona akacheka mpaka machozi yakamlowesha miwani. "Mwongo mkubwa! Hata kaburini mwongo!"

Akamvuta mjukuu wake kwa sikio, akamnong'oneza. Zikipanda mbili, mzee alikuwa nayo ree. Ikipanda ya kushoto peke yake, hana kitu, hana hata karata ya kufunikia aibu. Anataka mkewe atishie nyau. Mtaa mzima wao wawili waliushinda kwa nyusi hiyo.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna, Nona. Nimekosea tu."

Brisa alifurahi, na aliona wivu kidogo pia. Kumbe mzee aliyemchora kwa heshima zote, kama picha ya ukutani, ndiye ambaye Nona hakumjua. Nona alimjua huyu aliyeharibika.

"Basi nikusaidie kuirekebisha?" Ulises aliuliza.

"Iguse uone."

Nona alirudia mchezo, akarudia tena. Foleni ikaanza kunung'unika. "Bibi, dakika tano zako zimekwisha!"

"Mimi nimemngoja muda mrefu kuliko wewe, mwanangu."

Alipotosheka alikwenda kabatini, akachukua karata za klabu, akaketi kwenye meza pekee isiyo na kompyuta. Don Evaristo na nduguye, wenzake wa Alhamisi, waliingia kutoka uani wakiwa bado wanatafuna nyama.

"Delmira! Kulikoni? Tumesikia kelele."

"Mambo ya nyumbani. Kaeni."

"Na mwenzako nani?"

Nona akamwelekezea Brisa kidevu. "Wewe. Kaa hapo mbele yangu."

"Nona, mimi sijui kudanganya."

"Damu yake unayo."

Karata zikagawiwa. Brisa alizifungua zake karibu na kifua: nne, tano, sita. Takataka tupu. Akamtazama bibi yake, akajaribu kuinua nyusi ya kushoto peke yake. Zikapanda zote mbili. Nona akatikisa kichwa kidogo sana. Brisa akaweka kidole juu ya nyusi ya kulia kama anayejikuna, akajaribu tena, na ile ya kushoto ikapanda peke yake, ikitetemeka.

Nona alimtazama juu ya miwani. Kisha akainua mkono, akaipiga meza.

"Truko!"