Ndago Katika Ukoka wa Marehemu

Abdulkadir alitumikia ujana wake wote katika nyumba ya Mzungu mmoja hapo Diani, zile nyumba zinazotazama pwani. Uhuru ulipokuja, Mzungu aliuza nyumba akaenda zake kwao, na Abdulkadir akarudi kwake, upande wa bara wa barabara, na gunia la vipande vya ukoka begani. Alilima mbele ya nyumba, akavipanda kimoja kimoja, akavimwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni. Majirani walimcheka. Mtu ana kiwanja kizuri cha kupanda mihogo, anapanda majani ya kutazama tu! Lakini ukoka ulipotanda ukawa kama zulia, wale wale waliocheka wakawa wanavua viatu kabla ya kuukanyaga, na mtaa mzima ukiwa na harusi uliomba uwanja wa Abdulkadir.

Hakuufaidi sana. Masika ya mwaka uliofuata alishikwa na homa, akalala, hakuinuka tena. Aliacha wake wawili. Mkubwa alikuwa Biasha, mama wa mwanawe wa pekee, Mwero, aliyekuwa kuli bandarini Mombasa. Mdogo alikuwa Mishi, mwanamke wa Kinondo, ambaye Mungu hakumjaalia mtoto.

Wajane wale walikaa eda ndani ya nyumba moja, na mvua ikanyesha kama inavyonyesha masika, na hakuna aliyeuangalia uwanja. Siku walipotoka nje wakiwa wameoga na kubadili nguo, Biasha alisimama barazani akashika kiuno.

"Mishi, njoo uone."

Ukoka ulikuwapo bado, lakini ulikuwa umelala chini kama mtu aliyekanyagwa. Juu yake zilisimama ndago, nyembamba, za kijani kinachong'aa, zimejaa kuanzia baraza mpaka kwenye mpapai wa mwisho.

"Tutazing'oa, dada," Mishi akasema. "Wiki hii tu zitakuwa zimekwisha."

Mtu aliyewahi kupambana na ndago angejua kwamba maneno yale yalikuwa mepesi. Ukilivuta jani lake, linakuja mkononi kwa urahisi kabisa, nawe unafurahi. Kumbe chini, kwenye mchanga, amebaki mwenyewe hasa: kijiazi cheusi kidogo kama punje ya mbaazi, kimefungwa kwa uzi na mwenzake, na mwenzake kwa mwingine, mpaka hujui mwisho wao uko wapi. Siku chache tu, kijiazi kimetoa majani mapya, tena mengi kuliko ya kwanza.

Waliugawa uwanja. Biasha alichukua upande wa baraza, Mishi akachukua upande wa mipapai. Walikuwa wakichuchumaa kila asubuhi kabla jua halijawa kali, kila mmoja na kijembe chake na kikapu chake. Biasha alikuwa mtu mzima, magoti yake yakilia kila alipojisogeza, lakini alichimba mpaka akakifuata kila kijiazi na uzi wake. Usiku mgongo ulimfanya alale kifudifudi.

Zilipoota tena, walijaribu njia nyingine. Walichoma moto, ukoka ukaungua, ndago zikachipua kwenye majivu. Mwanamke mmoja wa jirani akawaambia wamwage maji ya bahari, kwamba chumvi haiachi kitu. Wakashuka pwani na madebe kichwani, wakapanda nayo, wakashuka tena, mpaka shingo zikakakamaa. Baada ya siku kadhaa ukoka wa pale walipomwaga ulikauka ukawa rangi ya makuti ya zamani. Katikati ya ukavu ule ndago zilisimama mbichi, hazina habari.

Biasha alipoziona alikaa chini pale pale mchangani. Hakulia. Alikuwa amechoka hata kwa kulia.

"Na tuziache, Mishi," alisema. "Marehemu ameenda. Hataulizia ukoka."

Mishi alikuja akapiga magoti kando yake. "La, dada. Marehemu aliupenda sana uwanja huu. Sisi ndio tuliobaki wa kumtunzia. Wewe pumzika leo, mimi nitaendelea."

Biasha akaona haya. Kama mke mdogo, aliyekaa na mume muda mfupi tu, ana moyo namna ile, yeye mkubwa atasema nini? Akashika kijembe chake akainuka.

Mwero alikuja kuwaamkia mwisho wa mwezi. Alimbusu mama yake mkono, akamwambia Mishi, "Shikamoo, mama mdogo," naye akaitikia, "Marahaba, baba." Alikula, akanywa chai, akatoka barazani kuwatazama kazini mwao.

"Mnajitaabisha," alisema. "Lakini si neno, malizeni. Uwanja ukishakuwa safi tutamsomea baba hitima hapa, watu wakae vizuri. Halafu mama mdogo naye apumzike. Ndugu zake Kinondo bila shaka wanamngoja."

Aliyasema kwa upole, hakuwa na nia mbaya. Mishi aliinamia ndago zake akasema, "Inshallah." Biasha naye aliendelea kuchimba, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyokuwa kwa watu wote: mjane asiye na mtoto hurudi kwao.

Kuanzia hapo kazi ikawa haiendi mbele wala nyuma. Upande wa baraza ndago zilianza kupungua. Biasha alikuwa anaweza kukaa asubuhi nzima asipate ila chache, na ukoka ukaanza kutambaa tena kuziba mapengo. Upande wa mipapai zilizidi kusongamana. Biasha alidhani labda udongo wa kule una rutuba zaidi. Alipomaliza kwake akaenda kumsaidia mwenzake, kisha akarudi kwake, na mwili ukawa unamwambia kila siku kwamba hautaki.

Asubuhi moja Mishi alikuwa ameenda kisimani. Biasha alichukua vikapu viwili vya jana ili avimwage nyuma ya choo, mahali walipokuwa wakikaushia ndago juani. Chake kilikuwa kizito, akakiburura. Cha Mishi alikiinua kwa vidole viwili.

Akakitia mkono ndani. Majani. Akapekua mpaka chini. Majani matupu, hakuna kijiazi hata kimoja.

Alikwenda kwenye mipapai akachuchumaa, akachimba pale Mishi alipokuwa akifanya kazi jana yake. Vijiazi vilikuwa chini vyote, vizima, vinono, na juu ya kila kimoja palikuwa na kovu bichi la jani lililokatwa kwa kucha. Akachimba mahali pengine, kukawa vile vile. Akachimba pa tatu, kisha akaacha, akabaki ameinama na kijembe mkononi.

Mishi alirudi na ndoo kichwani akamkuta hivyo. Alitua maji polepole. Alielewa.

"Tangu lini?" Biasha akauliza.

Mishi alifuta maji yaliyommwagikia usoni.

"Nakuuliza, Mishi. Tangu lini unakata majani ukaniachia mizizi? Mimi mgongo huu haulali. Nimebeba maji ya bahari kwa kichwa hiki. Nimejiona mvivu mbele yako, nikasema mwenzangu ana imani, ana mapenzi na marehemu. Kumbe wewe ndiye unayezipanda!"

"Si tangu mwanzo, dada. Wallahi si tangu mwanzo."

"Basi tangu lini?"

"Tangu Mwero aliposema uwanja ukiwa safi niende kwetu." Mishi alikuwa anatazama ndoo. "Kila nikishika kijiazi nakivuta, najiona navuta siku zangu. Ndago zikiisha, nitakaa hapa kwa jina la nani? Sina mtoto hapa. Sina mume. Nina hizi ndago tu."

Mtu mwingine angemhurumia hapo hapo. Biasha hakuweza. Alikuwa na uchovu wa miezi mwilini, na uchovu ule uligeuka ukawa hasira, akasema maneno ambayo hakuwa mtu wa kuyasema. Alimwambia ni mnafiki. Alimwambia angekuwa na haya angekwenda kwao mapema, asingoje kufukuzwa. Kisha akaingia ndani akafunga mlango wa chumba chake.

Alipotoka adhuhuri, chakula kilikuwa kimepikwa na kufunikwa, ua umefagiwa, mtungi umejazwa. Kisanduku cha Mishi hakikuwapo.

Siku za kwanza Biasha aliona nafuu. Alifanya kazi peke yake, akachimba upande wa mipapai kwa haki, kijiazi kwa kijiazi. Lakini jioni zikawa ndefu. Alikuwa akipika chakula kingi bila kukusudia, akakila baridi kesho yake. Siku moja alimaliza kuchimba kipande, akageuka nyuma kusema, "Unaona, Mishi, hapa pamekuwa safi," na pale nyuma hapakuwa na mtu. Akatazama kile kipande kisafi. Hakikumfurahisha hata kidogo. Alikuwa na uwanja mzuri, na hakuwa na wa kumwonyesha.

Asubuhi iliyofuata alivaa buibui lake akashika njia ya Galu kwa miguu kwenda Kinondo. Alikuwa akipumzika kila alipopata kivuli. Alifika kwa Abdalla, kaka yake Mishi, jua likiwa juu ya kichwa.

"Hodi hapa."

"Karibu, karibu mama," akaitikia Asiya, mke wa Abdalla. Alikuwa na mtoto mgongoni na wengine wamemzunguka. Nyumba ilikuwa ndogo. Asiya hakuwa mtu mbaya, lakini alipoulizwa alipo wifi yake, alijibu kama mtu anayeulizwa habari ya mzigo. "Yuko jikoni. Ndimo anamolala, mama, unavyoona mwenyewe nafasi hatuna."

Mishi alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Alipomwona Biasha alisimama, machicha yakiwa mikononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Niletee maji, nimekauka."

Alikunywa yote. Akarudisha kata.

"Maneno yale yalikuwa ya hasira," Biasha akasema. "Nimeyatembeza njia nzima kutoka Diani, ni mazito. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyekosa."

"Ulikosa, ndiyo. Ulinikosea sana. Lakini ungeniambia, Mishi. Ungesema tu, dada, mimi sitaki kwenda. Ulidhani mimi ningekujibu nini?"

"Sikujua," Mishi akasema. "Ndiyo maana sikuuliza."

Biasha alitazama lile jiko: kuni pembeni, mkeka uliokunjwa, kisanduku kimefunikwa kanga kisiingie moshi. "Chukua vitu vyako," alisema. "Twende nyumbani kabla magoti yangu hayajagoma."

"Na Mwero?"

"Mwero nimemzaa mimi."

Walirudi taratibu, wakisaidiana kubeba kisanduku, kila mmoja ameshika upande wake. Walipofika uwanjani jua lilikuwa limekwisha kupoa. Katika siku ile moja aliyokuwa hayupo, upande wa mipapai vichwa vipya vya ndago vilikuwa vimeshatoboa mchanga. Walisimama wakavitazama.

"Sema kweli," Biasha akasema. "Ukoka huu unaupenda?"

Mishi alisita. "Nilimpenda aliyeupanda."

"Mimi pia. Na mimi siwezi tena, Mishi. Nimekwisha."

Kesho yake hawakuchuchumaa. Walichukua majembe makubwa, wakaanzia barazani, wakaupindua uwanja wote, ukoka na ndago pamoja. Biasha alipopiga jembe la kwanza penye ukoka ule mzuri alisema kwa sauti ndogo, "Utusamehe, Abdulkadir." Kisha akaendelea. Walipiga matuta, wakapanda marando ya viazi vitamu, karibu karibu, kama wanavyofanya watu wa mashamba ambao wana ndago: majani ya viazi yakitanda yanaziba jua, na ndago haiwezi kivuli. Ukoka nao hauwezi. Hilo walilijua.

Mwero alipokuja mwezi ule alisimama njiani, akadhani amepotea nyumba.

"Mama! Uwanja wa baba uko wapi?"

"Uko hapo chini ya viazi."

"Na hitima?"

"Watu watakaa barazani na uani. Dua haichagui majani."

Akamwona Mishi anatoka ndani na sinia ya chai. Akamwamkia, kisha akaanza, "Nilidhani mama mdogo amesha..."

"Mama yako mdogo yuko kwake," Biasha akasema. Hakupandisha sauti. "Ana haki yake katika nyumba hii kwa sheria ya dini, na hata angekuwa hana, mimi ndiye niliyemwambia akae. Nikiugua usiku, wewe uko Mombasa. Nani atanipa maji?"

Mwero alitazama mama yake, akaona jinsi alivyokonda, na mikono yake jinsi ilivyopasuka. "Basi vyema, mama," alisema. Akachukua kikombe kwa mikono miwili, akamgeukia Mishi. "Ahsante, mama mdogo."

Alipokwisha kwenda zake, wanawake wale walisali adhuhuri, wakatandika mkeka mmoja ukumbini penye upepo wakajinyoosha. Palikuwa na vyombo vya kuosha na kuni za kupasua. Mishi alisema atainuka sasa hivi. Biasha akamwambia hapana haraka. Wakalala wote wawili, na alasiri ikawakuta bado wamelala.