Cherehani Nne, Mafundi Wanane

Jovithe wa ofisi ya kodi aliingia kwa Faruk, fundi nguo wa Buyenzi, akitamba na tangazo la sheria mpya: anayeajiri watu wapya anapunguziwa kodi.

“Uchumi utainuka, kaka!”

Faruk hakuinua macho. “Wateja wangu wako Kanyosha, na vita imefunga barabara. Hata mukifuta kodi yote, mi nitamushonea nani?”

Jovithe alikuwa na jibu, ila saa sita ilipogonga wakaingia mafundi wanne, na wanne waliokuwa kwenye cherehani wakawapisha bila kuambiwa.

“Wote hawa ni wako? Na kazi hakuna?”

“Ningemufukuza nani? Wanagawana siku.”

Jovithe alimtazama kwa heshima ambayo hata mkuu wake wa kazi hakuwahi kuipata. Akalikunja tangazo, akanyoosha mikono.

“Basi nipime shati.”